Bei ya Unga na Usalama wa Nchi: Chama Kinachotawala Kianzie Wapi?

Swali: Msomaji wa Garissa anayefanya biashara ya jumla ya vyakula ameniandikia hivi: "Serikali ikiulizwa kuhusu bei ya unga husema fedha nyingi zinakwenda kwenye usalama, na ikiulizwa kuhusu usalama husema uchumi ni mbaya. Kama chama kinachotawala Kenya kingetaka kweli kuyashughulikia mambo haya mawili, kingeanzia wapi, na sisi wananchi tutajuaje kwamba kimeanza?"

Jibu:

Kingeanzia mbali na duka na mbali na kambi ya jeshi. Kingeanzia shambani, barabarani na katika kituo cha polisi cha mashinani, kwa sababu huko ndiko bei ya unga na hali ya usalama huamuliwa, miezi mingi kabla hazijawa habari za magazeti. Ila serikali zetu, moja baada ya nyingine, zimezoea kuyasubiri mambo haya mawili mpaka yawe dharura: ruzuku hutangazwa wiki chache kabla ya uchaguzi, na operesheni hutangazwa siku chache baada ya mauaji. Hatua zote mbili ni ghali, na zote mbili huisha kabla chanzo hakijaguswa.

Tazama pakiti ya unga ya kilo mbili. Mnamo Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Jubilee, ya Rais Uhuru Kenyatta, ilianza kugharamia unga ili pakiti hiyo iuzwe kwa shilingi 90. Mnamo Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa Agosti, ilitangazwa kwamba pakiti iliyokuwa imepita shilingi 200 ingeuzwa kwa shilingi 100. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, alisema mpango huo wa pili ulikuwa umemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo yoyote, na kwamba ruzuku ya mafuta ilikuwa imekwisha kuwagharimu walipa kodi shilingi bilioni 144. Wewe uliye katika biashara hii huhitaji kuambiwa kwamba unga wa bei hiyo uliadimika madukani. Ruzuku ya namna hii hulipwa kwa msagaji, ambaye ndiye wa mwisho kuyashika mahindi kabla hayajakufikia. Mkulima wa Trans Nzoia aliyemuuzia dalali gunia lake la kilo 90 mwezi wa Novemba, kwa kuwa alihitaji karo ya Januari, hapati chochote humo, wala hakuna punje moja ya mahindi inayoongezeka nchini.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo chama tawala kingepaswa kulifanya ni kujinyima silaha hii, yaani kutangaza mapema, mbele ya wabunge wake wenyewe, kwamba hakutakuwa na unga wa bei ya kampeni, na kuzipeleka fedha hizo katika ununuzi wa mahindi wakati wa mavuno. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, ina maghala. Inachokosa kila mwaka ni fedha zinazofika kwa wakati na bei inayotangazwa kabla mkulima hajauza. Mahindi yaliyonunuliwa Novemba, yakakaushwa vizuri na kuhifadhiwa, yanaweza kutolewa sokoni kidogo kidogo kuanzia Mei, wakati bei hupanda, na hapo serikali inashusha bei kwa kuongeza mahindi. Sheria ya stakabadhi za ghala, ambayo humwezesha mkulima kuhifadhi mazao yake na kukopa kwa dhamana ya stakabadhi badala ya kuuza kwa haraka, ipo tangu 2019. Kinachokosekana ni mashine za kukaushia na maghala yaliyoidhinishwa vijijini.

Hapa niongeze jambo ambalo huwa halisemwi katika mikutano ya kampeni. Hata katika mwaka mzuri, Kenya hutegemea mahindi ya Tanzania na Uganda. Mwezi Machi 2021 serikali ilizuia ghafla mahindi ya nchi hizo mbili kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, malori yakakwama mipakani, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli na imewahi kuua Wakenya, lakini ukaguzi unaofanywa mwaka mzima kwa utaratibu unaojulikana haufanani na zuio la usiku mmoja. Mfanyabiashara ambaye hajui kama mpaka wa Namanga utakuwa wazi wiki ijayo huiweka hofu hiyo ndani ya bei, na anayeilipa hofu hiyo ni mlaji.

Serikali ya Kenya Kwanza, muungano wa Rais Ruto, ilielekea upande ulio sahihi ilipohamisha ruzuku kutoka kwenye unga na kuipeleka kwenye mbolea. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa karibu shilingi 6,500 ulishushwa hadi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Mavuno ya 2023 yaliongezeka sana na bei ya mahindi ikashuka. Mvua ilichangia, baada ya misimu mitano ya ukame mfululizo, na si vyema chama chochote kujitwalia sifa ya mvua. Hata hivyo mpango wenyewe ulikuwa bora kuliko uliotangulia. Halafu, katika msimu wa kupanda wa 2024, ikabainika kwamba mbolea isiyofaa ilikuwa imeuzwa kwa wakulima kupitia maghala yaleyale ya NCPB. Bunge lilijadili hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, kamati teule ikamwondolea lawama, wakulima wakaahidiwa fidia. Mimi naona kosa kubwa zaidi la kisiasa katika sakata ile lilikuwa kulichukulia kama jambo la aibu linalopaswa kupita haraka, wakati ambapo chama kilichoingia madarakani kwa kauli ya kuinua uchumi kuanzia chini kilipaswa kuwa cha kwanza kudai majina na mashtaka. Mbolea bandia ni hasara ya mwaka mzima kwa mkulima, na mbolea halisi inayofika baada ya mvua za Machi na Aprili haina tofauti kubwa na bandia.

Pamoja na hayo, kilichotolewa kwa mkono wa kulia kilitwaliwa kwa wa kushoto. Kuanzia Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani, VAT, katika bidhaa za petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwezi Septemba lita ya petroli jijini Nairobi ikapita shilingi 211. Mwezi Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mafuta huingia katika trekta, katika lori, katika kinu na katika pampu ya maji, na bidhaa unazozileta Garissa kutoka Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 350 kabla hujazipokea. Chama tawala hakiwezi kuamuru bei ya mafuta duniani, na kinachosema kinaweza kinadanganya. Kinachoweza kufanya ni kuweka kanuni ya kisheria inayosema kwamba bei ya dunia ikivuka kiwango fulani, sehemu fulani ya kodi hupungua yenyewe, na ikishuka kodi hurudi, bila kusubiri hotuba ya mtu. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, tayari hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Haingekuwa vigumu kuitangaza hesabu hiyo siku hiyohiyo. Kanuni kama hiyo ingefaa pia kuilinda tozo ya maendeleo ya petroli, inayokusanywa ili kuzuia bei isiruke, isitumike kuziba mapengo mengine.

Kuna jambo moja la gharama ya maisha ambalo viongozi huonekana hawalielewi, au wanalielewa na hawapendi kulisema. Mfumko wa bei ulifikia asilimia 9.6 mwezi Oktoba 2022 na kufikia Oktoba 2024 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7. Wanauchumi wa serikali walikuwa na haki ya kufurahia takwimu hiyo, kwani shilingi nayo ilikuwa imetulia karibu 129 kwa dola baada ya kufika karibu 160 mwanzoni mwa mwaka ule. Lakini mfumko ukishuka, bei hazijashuka. Zinapanda polepole tu kutoka pale zilipokuwa zimekwisha kufika. Na katika kipindi hichohicho mshahara ulikuwa ukipungua kabla haujafika mkononi: tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75 kuanzia Oktoba 2024, na michango ya uzeeni iliyopandishwa. Kila makato yana hoja yake, na bima ya afya kwa wote naiunga mkono. Kosa ni kuyaleta yote kwa pamoja katika familia zilizokuwa bado zinapona kutokana na bei za 2022, kisha kuzionyesha familia hizo jedwali la mfumko zinapolalamika. Kwa wale wasio na mshahara kabisa, njia ya haraka kuliko zote ni fedha taslimu. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee na makundi mengine, nao hudhoofishwa na kuchelewa. Mpango wa kukabiliana na njaa ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera una utaratibu mzuri zaidi: ukame unapothibitishwa kwa picha za setilaiti zinazopima hali ya mimea, idadi ya familia zinazolipwa huongezwa. Ni mpango wa Kenya wenyewe, umejaribiwa, na ungefaa kupanuliwa ili kupanda kwa ghafla kwa bei ya chakula mijini nako kuwe sababu ya kuuamsha.

Sasa nije kwenye usalama, ambako ndiko swali lako lina uzito wa pekee.

Watu wengi hudhani uhusiano kati ya bei na usalama ni ule tulioushuhudia Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi, pamoja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana wakatoka barabarani, Juni 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakapigwa risasi, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini mswada ambao wabunge wa muungano wake walikuwa wameupitisha. Makumi ya watu walipoteza maisha katika wiki zile. Siku hiyohiyo ya Juni 25, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Haiti kwenda kurejesha amani, jambo ambalo mtunzi wa hadithi za kubuni angeonywa asiliandike. Huo ni uhusiano wa upande mmoja: bei ikiumiza, utulivu huvunjika. Kwa wakazi wa Garissa, Lamu, Mandera na Bonde la Kerio, upande wa pili ni wa zamani zaidi na haupigwi picha nyingi: ukosefu wa usalama wenyewe ni gharama inayoingia katika kila bidhaa.

Wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa kuanzia 2011, baada ya watalii kutekwa nyara. Mtu anayejua bahari anafahamu kwamba samaki wengi hupatikana usiku. Familia zilizokuwa zikila kutokana na bahari zikaanza kununua chakula. Mpaka wa Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011, mwaka ambao jeshi la Kenya liliingia Somalia katika operesheni Linda Nchi. Biashara haikukoma, kama unavyojua kuliko mimi. Ilihamia kwenye njia za panya, na sukari ya magendo ikawa inawalipa ushuru watu wenye bunduki na hongo watu wenye sare. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba vituo vya Mandera, Liboi na Kiunga vingefunguliwa kwa awamu, kisha Julai, baada ya mashambulizi, ikaahirisha. Silaumu uamuzi wa kuahirisha. Ninachokihoji ni kwamba kwa muda wote huo hatukupewa hesabu ya kinachopatikana kwa kufunga na kinachopotea, ushuru wa forodha ambao Hazina inaukosa ukiwamo.

Upande wa Bonde la Ufa hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Mnamo Novemba 2012 zaidi ya maafisa 40 wa polisi waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Februari 2023 serikali ilianzisha operesheni Maliza Uhalifu katika Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu, polisi wakisaidiwa na jeshi. Huko Marigat, katika Baringo, kuna mradi wa umwagiliaji wa Perkerra, unaozalisha mbegu za mahindi zinazopandwa na wakulima wa sehemu nyingine za nchi. Majangili wanaposababisha watu wa Baringo Kusini kuhama, wachambuzi huandika habari za usalama. Mtu wa bei za vyakula naye angepaswa kuwa na wasiwasi, kwa kuwa bonde lenye maji na udongo mzuri linaloachwa tupu ni ekari zinazokosekana katika hesabu ya mahindi, maembe na nyama. Ndiyo maana nasema ulinzi wa maeneo ya uzalishaji na wa barabara za masoko uwekwe ndani ya mpango wa gharama ya maisha, ukiwa na fedha zake na mtu wa kuulizwa, badala ya kuachwa katika wizara moja inayokumbukwa damu inapomwagika.

Je, ulinzi huo unahitaji fedha nyingi zaidi? Zaidi kidogo, na si mahali panapotajwa sana. Linganisha mashambulizi mawili ya Nairobi. Westgate, Septemba 2013, ilichukua siku nne, jeshi na polisi wakigongana bila amri moja, na watu 67 wakauawa. DusitD2, Januari 2019, ilimalizika chini ya siku moja, mamia ya watu wakiokolewa, ingawa 21 waliuawa. Kilichobadilika katikati hapo hakikuwa ununuzi wa ndege. Kilikuwa amri moja, mafunzo ya pamoja na vikosi vinavyoaminiana. Na katikati hapo kuna Aprili 2, 2015, tarehe ambayo mji wako hauwezi kuisahau, ambapo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa na kikosi maalumu cha Recce kikachelewa kwa saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Kikosi kizuri kilichoko mbali hakiwezi kuchukua nafasi ya kituo cha karibu chenye gari lenye mafuta, redio inayofanya kazi na afisa anayeaminiwa na wenyeji kiasi cha kupigiwa simu mtu mgeni anapoonekana kijijini.

Imani hiyo ndiyo ghali kuliko bunduki, na ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilipendekeza mwaka 2023 mishahara ya polisi iongezwe kwa asilimia 40, pamoja na mageuzi mengi ya kiutawala. Chama tawala kinachotaka usalama kingelitekeleza pendekezo la mishahara na mageuzi kwa pamoja, kwa sababu nyongeza bila uwajibikaji humfanya afisa mbaya awe tajiri kidogo, na uwajibikaji bila nyongeza humfanya afisa mzuri aache kazi. Askari wa akiba nao wametendewa kwa kigeugeu: mwaka 2019 walinyang'anywa silaha katika baadhi ya kaunti ili wachujwe, vijiji vikabaki wazi, kisha wakaanza kurejeshwa. Wizi wa mifugo kwa sasa ni biashara. Ng'ombe walioibwa hupakiwa kwenye malori na kuchinjwa mijini. Kwa hiyo mpelelezi anayefuatilia vibali vya kusafirisha mifugo na fedha za wanunuzi, pamoja na mwendesha mashtaka anayefikisha kesi mwisho, huenda wakawa na faida kubwa kuliko kifaru cha pili cha jeshi bondeni. Sijui ni wanasiasa wangapi wangependa uchunguzi huo ufike kwa wafadhili wa uvamizi, na hapo ndipo chama hupimwa, kwa kuwa baadhi ya wanaotajwa na wenyeji ni watu wenye kura na ushawishi.

Nina neno moja la kisheria. Ibara ya 238 ya Katiba inaueleza usalama wa taifa kuwa ni ulinzi wa mipaka na uhuru wa nchi, pamoja na watu wake, haki zao, mali zao, amani na ustawi wao, na inataka usalama huo utekelezwe chini ya Katiba na Bunge. Kwa mujibu wa maelezo hayo, anayeandamana kwa sababu ya bei ya mkate ni mmoja wa wale wanaopaswa kulindwa. Ibara ya 241 inaruhusu jeshi kupelekwa kurejesha amani ndani ya nchi kwa idhini tu ya Bunge la Kitaifa. Juni 25, 2024, amri ilichapishwa kwanza katika gazeti rasmi na Bunge likaidhinisha siku iliyofuata. Chama chenye wabunge wengi kinaweza kupitisha idhini ya namna hiyo kila wakati. Kingekuwa na busara kujizuia, kwa sababu askari anayepelekwa dhidi ya vijana wa Nairobi anapunguza imani ya kijana wa Garissa ambaye siku nyingine tutahitaji atupe habari za al-Shabaab.

Turudi kwenye hoja uliyoinukuu, kwamba fedha zimekwenda kwenye usalama. Inawezekana ni kweli kwa kiasi, lakini kwa sehemu kubwa zimekwenda kwenye madeni. Deni la Kenya limepita shilingi trilioni 10. Dhamana ya dola bilioni 2, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji wa nje (Eurobond), iliyouzwa mwaka 2014 ilipokaribia siku ya kulipwa, serikali ililazimika mwezi Februari 2024 kuuza nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba iliyopita asilimia 10. Na kuna kisa kinachoyaunganisha mambo yetu yote mawili ndani ya faili moja. Mikataba ya Anglo Leasing, iliyofichuliwa mwaka 2004, ilikuwa ya vifaa vya usalama, pasipoti na maabara ya uchunguzi wa jinai miongoni mwake, na ilifichwa kwa kisingizio kwamba usalama haujadiliwi hadharani. Miaka kumi baadaye, Mei 2014, serikali ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kumaliza kesi za mikataba hiyo ili iweze kuuza ile dhamana ya kwanza. Siri ya usalama iligeuka deni, na deni likageuka kodi. Kwa hiyo, chama tawala kinapokuambia kwamba unga ni ghali kwa sababu ya usalama, dai la kwanza la mwananchi liwe kwamba matumizi ya usalama yakaguliwe. Mipango ya mapigano ibaki siri, naam. Bei ya viatu vya askari, ujenzi wa kambi na mafuta ya magari havina siri ya kumficha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wala kamati ya Bunge.

Kuhusu sehemu ya mwisho ya swali lako, utajua kwa kuangalia kalenda. Hazina ya Kitaifa hutakiwa kuwasilisha taarifa ya sera ya bajeti kufikia Februari 15, na makadirio ya matumizi hufika Bungeni kufikia Aprili 30. Mswada wa Fedha huamuliwa kabla ya Juni 30. Kabla ya chama kutangaza lolote jukwaani, tarehe hizo zitakuwa zimekwisha kukuonyesha kilichokusudiwa. Katika taarifa ya Februari tafuta kama mbolea ya msimu wa Machi imekwisha kulipiwa na kupimwa, au ndiyo kwanza inaagizwa. Katika makadirio ya Aprili tafuta fungu la NCPB la kununulia mahindi, na uulize litatolewa mwezi gani, kwa kuwa fungu linalotolewa Februari baada ya madalali kumaliza kununua ni la kwenye karatasi tu. Tafuta pia mafuta na matengenezo ya magari ya polisi katika kaunti yako, na ulinganishe na fungu la ununuzi wa vifaa vipya makao makuu. Uwiano wa mafungu hayo mawili hueleza mengi kuliko hotuba ya waziri. Tangu Agosti 2024 baadhi ya waliokuwa upinzani wameingia katika Baraza la Mawaziri, na Machi 2025 UDA, chama cha Rais Ruto, na ODM, kilichokuwa chama kikuu cha upinzani, vilitia saini makubaliano ya kushirikiana, hivyo usitegemee sana kwamba kiongozi wa chama kingine atakuulizia maswali haya.

Bunge hulazimika kupokea maoni ya umma kuhusu bajeti na kuhusu Mswada wa Fedha, na maoni ya maandishi hutumwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa ndani ya muda unaotangazwa magazetini. Chama cha wafanyabiashara wa Garissa kikipeleka karatasi moja yenye gharama halisi za lori kutoka Nairobi, yaani mafuta, tozo, saa zinazopotea vizuizini na fedha zinazotolewa bila risiti, kamati itakuwa na kitu ambacho wizara zote mbili, ya fedha na ya usalama, hazijawahi kukiweka mezani pamoja. Mpelekee pia mbunge wako nakala kabla ya kikao cha wabunge wa chama chake, maana mara nyingi msimamo huamuliwa huko, na mjadala wa hadharani hufuata baadaye.